Je, klabu yetu igeuke ASBL? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na vikundi vya Lubumbashi

Majibu haya ni kwa ajili ya kamati za vikundi vya mji wetu: timu za mpira za kartye (mtaa), kwaya, waliosoma shule moja, kina mama wa soko la Kenya, komini ya mji huu, watu wa asili moja wanaokutana Jumapili baada ya misa. Swali ni lilelile, maneno tu ndiyo yanabadilika. Klabu ilianzishwa kwa ajili ya wanachama, ikakua, kisha siku moja mtu akasimama mkutanoni na kusema, "Tugeuke ASBL." Nusu ya ukumbi ikapiga makofi, nusu ikanyamaza. ASBL ni kifupi cha Kifaransa cha chama kisicho na lengo la faida. Sheria inayohusika ni namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, juu ya vyama visivyo na lengo la faida na taasisi za manufaa ya umma.

Kwanza, tugeuke au tubaki kama tulivyo?

Angalieni pesa yenu inaenda wapi. Chukueni daftari la kesye (mtunza pesa), fungueni kurasa za mwaka uliopita, na kwa kila pesa iliyotoka mjiulize imemfikia nani. Kama karibu yote imerudi kwa wanachama wenyewe, kwa kilio, harusi, hospitali au zamu ya likelemba (upatu), basi ninyi ni klabu ya wanachama na hakuna aibu yoyote katika hilo. Bakini hivyo, au mtafute umbo linalofaa msaada wa wenyewe kwa wenyewe, ambalo tutalizungumzia hapa chini. Lakini kama mmekuwa mkilipia watoto ambao wazazi wao si wanachama, mkifundisha vijana wa kartye nzima, au mkisafisha mifereji ya avenue yenu kabla ya mvua, basi kazi ya ASBL mmeshaianza, mlichobakiza ni karatasi.

Tunaona vikundi vingi vikikimbilia ASBL kwa sababu ya heshima ya muhuri. Muhuri ni kitu kizuri, ila una bei, na bei hiyo inalipwa na wanachama wote, si na kamati peke yake.

ASBL ni nini hasa?

Ni chama ambacho hakifanyi kazi ya biashara au ya kiwanda isipokuwa pembeni tu ya kazi yake, na ambacho hakitafuti kuwapatia wanachama wake faida ya mali. Sehemu hiyo ya pili ndiyo watu wanaisoma haraka na kuipita. Pesa ikishaingia katika ASBL, si ya prezida, si ya waanzilishi, na si ya wanachama pia. Ni ya lengo lililoandikwa katika statuti, yaani kanuni za kuanzisha chama. Mwanachama aliyechangia miaka kumi hawezi kuondoka akidai chake.

Uhuru wa kuunda chama unalindwa na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 37. Kwa hiyo klabu isiyo na karatasi si kosa. Ila mbele ya sheria haina utu wake yenyewe: haiwezi kumiliki parseli (kiwanja), kushitaki wala kutia sahihi mkataba kwa jina lake. Kila kitu kinapita kwenye jina la mtu fulani, na shida nyingi zinaanzia hapo.

Tuna likelemba ndani ya klabu. Itakufa?

Msiiue, itengeni. Likelemba ni pesa ya wanachama inayozunguka: mwezi huu anakula Mama huyu, mwezi ujao yule. Hiyo ni faida ya mwanachama waziwazi, na haiwezi kukaa katika hesabu za ASBL. Watu walewale wanaweza kuendelea kucheza likelemba yao siku ileile, chini ya mwembe uleule, lakini kwa daftari lingine, sanduku lingine na, ikiwezekana, mtunza pesa mwingine.

Hapa tunasisitiza kwa sababu tumeona jinsi mambo yanavyochanganyika. Kotizasyo (mchango) ya klabu na zamu ya likelemba zinaingia kwenye simu moja ya kesye, kwenye M-Pesa au Airtel Money yake, pamoja na pesa yake ya nyumbani. Mwisho wa mwezi hakuna anayejua ipi ni ipi, hata kesye mwenyewe, na ni mtu mwaminifu kabisa. Siku mnapotaka kugeuka ASBL, mkaguzi wa hesabu ataomba kuona kilichoingia na kilichotoka, naye hatakubali picha za ujumbe wa simu zenye majina nusu nusu. Laini moja ya simu kwa klabu peke yake, inayojulikana na watu watatu, inaondoa nusu ya ugomvi hata kama hamtageuka chochote.

Na kama mnakopeshana kwa riba na kupokea akiba za watu, huko ni mlango mwingine kabisa. Ushirika wa akiba na mikopo uko chini ya uangalizi wa Banki Kuu ya Congo. Msijifiche ndani ya ASBL kufanya kazi ya benki.

Sisi tunasaidiana kwenye kilio na ugonjwa tu. ASBL inatufaa?

Kwa maoni yetu, mara nyingi hapana. Kikundi ambacho mwanachama anachangia kila mwezi ili siku akifiwa au akilazwa hospitali apate msaada uliopangwa, hicho ni mutuelle, yaani chama cha kusaidiana, na mutuelle zina sheria yao: sheria ya msingi namba 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017. Ndani yake, mwanachama kupata kitu ndilo lengo, wala si kosa la kuficha.

Kama ni kikundi kidogo cha familia kumi na tano, hata mutuelle inaweza kuwa mzigo. Kanuni ya ndani ya kurasa mbili iliyosainiwa na wote, sanduku la kufuli tatu ambazo funguo zake ziko kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja, na hesabu inayosomwa kwa sauti kila mkutano, vinatosha. Kuna vikundi vya Katuba vinavyoishi hivyo tangu enzi ambazo kazi za mgodi zilikuwa zikilisha mji mzima, na vimezika watu wao kwa heshima bila hata muhuri mmoja.

Tunakodisha viti na tente. Hiyo si biashara?

Swali hili linatoka Ruashi, Kampemba, kila mahali, kwa sababu karibu kila klabu ya mji huu ina viti vya plastiki. Vilinunuliwa kwa ajili ya kilio za wanachama, majirani wakaanza kuviomba, kisha kukawa na bei kwa siku. Baadaye zikaongezeka tente, masufuria makubwa ya bukari (ugali), na jenereta.

Sheria haikatazi kuingiza pesa. Inachotaka ni kwamba kazi hiyo iwe pembeni, na pesa yake irudi kwenye lengo. Kwa hiyo jiulizeni mambo mawili. Je, mkiacha kukodisha viti, klabu bado ina kazi? Na pesa ya viti, imelipia nini? Kama klabu inafundisha vijana wa kartye mpira na shule ya jioni, na viti vinalipa mipira na chaki, mko salama. Kama kazi yenu ya kila wiki ni viti, na kila Desemba mnagawana kilichobaki, hiyo ni biashara ya pamoja, na mahali pake ni ushirika au kampuni. Ushirika una sheria ya pamoja ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambayo Congo imo tangu 2012. Kugawana faida huko ni haki.

Kuna njia ya tatu, na tunaipenda. Kikundi kinagawanyika kwa amani: wanaotaka kupata faida wanachukua viti na kuunda ushirika wao, wanaotaka kusaidia kartye wanaunda ASBL, na ushirika unaahidi kwa maandishi kuchangia ASBL kila mwaka. Hakuna anayemwita mwenzake mwizi.

Parseli ya klabu imeandikwa kwa jina la prezida. Tufanye nini?

Hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kutafuta utu wa kisheria. Tueleze kwa mfano ambao kila mtu hapa anaweza kuutambua. Wanachama wanachanga, wananunua parseli ndogo ya kujenga ukumbi. Kwa kuwa klabu haina karatasi, hati zinaandikwa kwa jina la Papa prezida, mtu mwema. Anakufa. Watoto wake, ambao hawakuhudhuria hata mkutano mmoja, wanakuta hati kwenye sanduku la baba yao. Kwao ni urithi, na mbele ya hakimu karatasi iko upande wao. Klabu inabaki na daftari la kotizasyo na mashahidi wazee.

Kama mna hali kama hiyo, msingoje kilio. Leo, prezida akiwa hai na mwenye akili timamu, asaini kwa notere (mthibitishaji wa hati) tamko kwamba alinunua kwa niaba ya wanachama na kwa pesa yao, mkewe na watoto wake wakubwa wakiwepo na kusaini pia. Mkishapata utu wa kisheria, mnahamisha hati.

Jambo moja la kujua kabla ya kuhamisha: kwa sheria ya ardhi ya 1973, udongo ni mali ya Leta (serikali), na konsesheni (haki ya kutumia ardhi) ya kudumu hupewa mtu wa kawaida mwenye uraia wa Congo peke yake. Chama hupata konsesheni ya kawaida, yenye muda usiozidi miaka 25, inayoweza kufanywa upya. Kwa hiyo parseli ikitoka kwa Papa prezida kuingia ASBL, aina ya haki inabadilika, na mtu mmoja katika kamati lazima awe na kazi ya kukumbuka tarehe ya mwisho. Andikeni tarehe hiyo ukutani mwa ofisi.

Tukiwa ASBL, wafadhili watakuja?

Hapana, hawatakuja kwa sababu ya karatasi. Mfadhili anauliza karatasi, ni kweli, na bila hiyo hata barua yenu haisomwi. Lakini anayoisoma baada ya hapo ni kazi na hesabu. Tunaumia tukiona vijana wanakopa dola kulipia faili lote, wanachapisha kofia na mabango, kisha wanakaa kungoja. Kama klabu yenu haijafanya kitu kwa pesa yake ndogo, mjaribu hilo kwanza. Wasomesheni watoto watano wa avenue yenu kwa mwaka mmoja na muandike kila kitu. Faili la hivyo linazungumza lenyewe.

ASBL na ONG ni kitu kimoja?

ONG, yaani shirika lisilo la kiserikali, ni aina ya ASBL, ile ambayo lengo lake ni kuchangia maendeleo ya jamii za mahali. Kila ONG ni ASBL, lakini kwaya ya vijana inaweza kuwa ASBL bila kuwa ONG. Vyama vya dini vina masharti yao ya ziada. Na klabu za michezo zinatazamwa pia na sheria namba 11/023 ya tarehe 24 Desemba 2011, pamoja na kanuni za shirikisho lao. Kwa timu ya mpira, kuwa ASBL hakuondoi wajibu wa kujiandikisha Entente, chombo kinachosimamia mpira mjini.

Ni karatasi gani zinatakiwa?

Mnahitaji angalau wanachama kamili saba. Mkutano mkuu wa kuanzisha unaamua, na mnaandika mhutasari wake. Halafu: barua ya maombi kwa Waziri wa Sheria, statuti zilizothibitishwa na notere, orodha ya walio katika uongozi na usimamizi, pamoja na makao yao, tamko lililosainiwa na wanachama kamili walio wengi, hati ya mwenendo mwema ya kila kiongozi, na tamko la mapato mnayotegemea kutimiza lengo lenu.

Katika statuti kuna sehemu zinazonakiliwa bila kufikiri, hasa lengo. Tumeona statuti ya kikundi cha kina mama wa samaki inayotaja haki za binadamu, kilimo, mazingira, UKIMWI na teknolojia, kwa sababu aliyewaandikia alikuwa na faili moja kwenye kompyuta yake. Andikeni mnachofanya kweli. Lengo pana halileti wafadhili wengi, linaleta maswali.

Tunapaswa kwenda Kinshasa? Na hii F.92 ni nini?

Hati ya mwisho ni arete (amri ya maandishi) ya Waziri wa Sheria, baada ya maoni mazuri ya waziri mwenye sekta yenu, na hizo zinasainiwa Kinshasa. Lakini faili linaweza kuanzia hapa, kwenye divisheni (ofisi ya wizara) ya jimbo la Haut-Katanga inayohusika. Kwa chama kinachofanya kazi jimboni, gavana anatoa ruhusa ya muda ya miezi sita. Muda huo ukipita, sheria inasema utu wa kisheria unahesabiwa kuwa umetolewa, na waziri anapaswa kutoa arete ndani ya mwezi unaofuata. Ni kifungu kizuri. Hata hivyo mkifika benki, mtu wa dirishani ataomba arete yenyewe, kwa hiyo endeleeni kufuatilia faili, na mtunze nakala ya kila barua yenye muhuri wa kupokelewa.

Namba ya F.92 inayoonekana kwenye vichwa vya barua za vyama vingi inaonyesha kwamba faili limeandikishwa Wizara ya Sheria. Si arete. Msikubali mtu awaambie kazi imekwisha kwa kuwa mmepata F.92, na msimlipe mtu ambaye hataki kuwapa risiti.

Tutasamehewa kodi?

Sehemu tu, na si kwa kila kitu. Mkimwajiri mlinzi au mwalimu, ninyi ni mwajiri kama mwingine: mnakata kodi ya mshahara wake, mnalipa CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), na mnajulikana INPP (taasisi ya mafunzo ya kazi) na ONEM (ofisi ya ajira). Msamaha wa ushuru kwa vitu vinavyoingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa hauji wenyewe kwa kuwa mna muhuri wa ASBL; unaombwa wizarani, na unatolewa kwa maandishi. Tafadhali msiahidi mfadhili wa vitanda vya hospitali kwamba vitapita bure kabla ya kuwa na hati hiyo mkononi. Vitalala mpakani, na gharama ya kulala huko inapanda kila siku.

Hesabu zetu ziko kwenye daftari. Inatosha?

Ilitosha kwa klabu. Kwa ASBL, tangu tarehe 1 Januari 2024 nchi za OHADA zina mfumo wa hesabu wa vyama visivyo na faida, unaoitwa SYCEBNL, uliopitishwa Desemba 2022. Msiogope jina. Kwa vyama vidogo kuna namna nyepesi inayofuata pesa iliyoingia na iliyotoka, na kesye anayejua kuandika daftari vizuri anaweza kujifunza. Kinachobadilika zaidi ni nidhamu: kila pesa iwe na karatasi yake, hata ya teksi, hata ya mikate ya mkutano.

Prezida wetu ndiye mwanzilishi. Atabaki na nguvu zake?

Atabaki na heshima yake. Nguvu zinakwenda kwa mkutano mkuu, ambao ndio wenye neno la mwisho, kisha baraza la usimamizi, na wakaguzi wa hesabu wasio ndani ya baraza. Tunajua hili linauma. Papa aliyetoa sebule yake kwa mikutano, aliyelipia viti vya kwanza mfukoni mwake, anaambiwa leo kwamba muda wake wa uongozi una mwisho na kwamba kijana atakagua risiti zake. Zungumzeni naye nyumbani kabla ya mkutano, wazee wawili au watatu, kwa utulivu. Kama alikopesha klabu pesa, ihesabiwe na alipwe sasa, au aandike kwamba ametoa zawadi. Deni lisilosemwa ndilo linavunja vyama.

Na wanachama wasiotaka kugeuka?

Wana haki ya kutotaka, na hawapaswi kubebwa kwa makofi ya wengi. Kabla ya kuhamisha chochote, fungeni hesabu za klabu ya zamani. Kila mwenye zamu ya likelemba aliyebaki apate zamu yake. Akiba ya mtu irudishwe. Vitu vya pamoja viandikwe kimoja kimoja, hata kijiko, na mkutano uamue ni vipi vinaingia ASBL na ni vipi vinagawanywa. Mwenye kuondoka aondoke na haki yake mkononi na asaini. Hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kugawana. Baada ya hapo haipo tena.

Mama aliyeolewa anaweza kusaini kama mwanachama kamili?

Ndiyo. Sheria ya familia ya 1987 ilidai mke apate ruhusa ya mume kwa mambo ya kisheria, lakini ilibadilishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Sasa mume na mke wanatakiwa kukubaliana, na hilo linawahusu wote wawili. Notere akimwomba Mama karatasi ya ruhusa ya mume huku hamwombi Papa ya mke, mkumbusheni sheria hiyo kwa upole.

Tukishindwa, tunaweza kurudi kuwa klabu?

Watu mnaweza kurudi kukutana kama zamani wakati wowote. Mali hairudi. Statuti lazima ziseme mali itakwenda wapi ASBL ikivunjwa, na lazima iende kwa chama kingine chenye lengo linalofanana. Kwa hiyo mnapoandika kifungu hicho, msiache maneno matupu ya kunakili. Tajeni chama mnachokijua, mlichowahi kukitembelea, na mwende kukiuliza kama kinakubali kuandikwa. Kama mjini hamuoni hata kimoja ambacho mngekubali kichukue viti vyenu na ukumbi wenu, basi mkutano wa kupiga kura uahirishwe hadi mkipate.